Udi Kwenye Kioo cha Kilimia

"Chumba hiki," alisema Mbarouk Shehe mbele ya kamera tatu na wageni sitini waliobanana nyuma ya kioo kinene, "ndipo mahali pasafi kuliko pote duniani. Vumbi likitaka kuingia humu linaniandikia barua ya maombi. Nami sijibu."

Wageni wakacheka. Mbarouk aliwapenda wageni wa aina hiyo, wanaocheka bila kusukumwa. Alikuwa ndani ya suti nyeupe kutoka utosini hadi unyayoni, macho peke yake nje, na hata hayo macho yalikuwa yanajisifu.

Tumpe haki yake, alikuwa na cha kujisifia. Nyuma yake ilisimama Kilimia, darubini ya anga iliyobuniwa, ikachongwa na kuunganishwa hapohapo Kitulo, kwenye nyanda ambazo hata mwaka huu wa 2071 baridi ya Juni inang'ata masikio bila kuuliza umetoka mkoa gani. Vioo ishirini na vinne vya pembe sita, vimepakwa dhahabu nyembamba hivi kwamba ungeikwangua yote isingejaza kijiko cha chai. Chini ya vioo, shela: matabaka matano ya filamu yenye wembamba wa unywele, yakikunjuliwa yanafunika kiwanja cha netiboli, yakikunjwa yanaingia kwenye ncha ya roketi. Shela ndilo lingekaa kati ya vioo na jua. Upande wa jua ungechemsha chai. Upande wa vioo, hewa yenyewe ingeganda ikawa jiwe.

Aliyelikunja shela hilo, kunjo mia moja na saba, kwa mkono, kwa miezi mitano, alikuwa Mbarouk na watu wake. Yeye ndiye aliyeanza kuiita darubini Bibi Harusi. Sasa hata mawaziri waliiita hivyo.

"Usafi wote huu wa nini?" aliuliza mwandishi mmoja kupitia kipaza sauti.

"Kwa sababu huyu haoni mwanga wenu huu wa kusomea magazeti. Anaona joto. Wewe hapo unawaka kama karabai, hujijui tu. Muweke nyuki mwezini, Bibi Harusi atakwambia ametua upande gani wa ua."

"Mwezini kuna maua?"

"Yakhe, nyuki umemkubali, unagombana na ua?"

Kicheko kingine. Mbarouk akainua kidole kilichovaa glavu. "Kazi yake kubwa ni kunusa. Kila kitu kina rangi yake ya joto, mvuke una yake, mafuta yana yake. Atatazama dunia za mbali, atwambie ipi inapumua na ipi ni jiwe. Sasa mtu akimgusa kwa kidole chenye mafuta, basi dunia zote zitanuka kidole chake. Ndiyo maana nipo mimi."

Aliyasema hayo kwa kinywa chake mwenyewe, na kamera tatu zikayachukua. Kisha Kilimia ikasukumwa ndani ya Jokofu, naye akaingia peke yake kukagua kunjo zote kwa mara ya mwisho, saa sita nzima, kifua kikigusana na shela. Alipotoka, mlango wa Jokofu ukafungwa. Jokofu ni chumba cha chuma kirefu kama jengo la ghorofa nne. Kikishafungwa, hewa yote inavutwa nje hadi linabaki ombwe tupu, halafu baridi inashushwa taratibu mpaka nyuzi arobaini tu juu ya baridi ya mwisho, ile ambayo chini yake hakuna tena pa kushukia. Kushuka huko kulichukua siku tisa.

Majigambo ya Mbarouk nayo yaliishi siku tisa.

*

Siku ya kumi, saa moja asubuhi, Nyamizi Lugendo alimpigia simu. Nyamizi ndiye aliyekuwa msomaji wa vipimo vya Kilimia, binti wa Tabora mwenye sauti ndogo na maneno makubwa.

"Mpemba, njoo."

"Umenikumbuka?"

"Njoo, nimesema."

Alipofika chumba cha vipimo aliwakuta watu watatu wamekodolea macho skrini moja. Nyamizi alikuwa amekaa. Mhandisi Mkuu, Dkt. Sekela Mwakalindile, alikuwa amesimama mikono nyuma, na Dkt. Sekela akiweka mikono nyuma watu hupunguza sauti. Wa tatu alikuwa Ambakisye Ilomo, fundi gundi, mtu mzima wa miaka hamsini aliyeunganisha kila kioo na fremu yake kwa gundi aliyoibuni mwenyewe kwa utomvu wa mipaini.

"Tumewasha taa ya majaribio," Nyamizi alieleza. "Taa safi, haina kitu ndani yake. Mstari ulitakiwa uwe umenyooka kama rula. Tazama."

Mstari ulinyooka, ulinyooka, halafu ukatumbukia kishimo kidogo, ukapanda, ukaendelea na safari zake kama vile haukuona kitu.

"Mikroni tatu nukta nne," akasema. "Hapo ndipo kaboni inaposhikana na hidrojeni. Yaani mafuta. Mafuta ya kitu kilichowahi kuwa hai."

"Mengi?" aliuliza Mbarouk.

"Unene wa molekuli tatu. Kaka, molekuli tatu! Ukizipanga juu ya kucha yako hutazijua mpaka unazikwa." Hakuweza kujizuia, alitabasamu. "Nilijua anaona vizuri. Sikujua anaona *hivi*."

Dkt. Sekela hakutabasamu. "Mahali penyewe ndipo tunapotafuta uhai. Tukirusha hivi, kila jiwe huko juu litaonekana linapumua. Tutatangaza uhai mara mia nne kwa mwaka, tuwe kichekesho cha mataifa kumi na mawili tunayoshirikiana nayo." Akageuka. "Kitu kilichowahi kuwa hai. Utomvu, kwa mfano."

Wote wakamwangalia Ambakisye.

Ambakisye hakujitetea. Ndivyo alivyokuwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nilipika kila kundi la gundi kwa saa sabini na mbili," alisema polepole. "Labda kundi la kumi na nne. Siku ile umeme ulicheza. Labda. Sijui, Daktari."

"Bwana Usafi," Dkt. Sekela akamwambia Mbarouk, "chumba chako kina neno?"

Mbarouk akafungua mdomo ili aseme "hakina," na hapo ndipo pua yake ilipomkumbusha.

Asubuhi ya kufunga Jokofu. Chumba chake cha bweni la wafanyakazi, hita inanguruma, nje ukungu. Juu ya kitanda, kifurushi alicholetewa na dada yake kutoka Konde, Pemba. Mbarouk amechuchumaa juu ya chetezo, kashika fulana na suruali ya ndani vimefunika moshi, vipande viwili vya udi mzuri, ule wa harusi, vinatoka povu juu ya kaa. Alikuwa anaimba. Bibi harusi anatoka leo, na kwao bibi harusi hatoki bila udi. Anayemtoa hanuki baridi na sabuni ya kambi.

Alikuwa ameijua sheria kuliko mtu yeyote. Mlangoni pa chumba safi ilibandikwa orodha ya vitu arobaini na saba vilivyokatazwa: manukato, losheni, poda, mafuta ya nywele, rangi ya kucha, dawa ya kwapa, dawa ya mbu, hata ubani wa kutafuna. Orodha hiyo ilikuja kutoka kwa washirika wa ng'ambo, watu wasiojua chetezo ni nini. Aliyeitafsiri kwa Kiswahili ni Mbarouk mwenyewe, akaibandika kwa mkono wake, akawasimamisha chini yake wafanyakazi mia mbili wakaisoma kwa sauti. Udi haukuwamo. Na kichwani mwake, na kichwani mwa kila mtu aliyekulia alikokulia yeye, udi haukuwa manukato. Manukato yanakaa kwenye chupa. Udi ni heshima.

Moshi ule ulikuwa umelala kwenye fulana, ukapenya kolani mwa suti nyeupe saa sita nzima, ukaingia kwenye kunjo za shela. Ombwe likaunyonya ukatoka. Na mvuke ukiwa ndani ya Jokofu haupotei. Unatafuta mahali penye baridi kuliko pote, unaganda hapo. Mahali penye baridi kuliko pote palikuwa kwenye vioo.

"Nimekuuliza," alisema Dkt. Sekela.

"Nitakagua daftari la kuingia," akajibu Mbarouk.

"Kagua. Kesho saa sita mchana nataka hati ya usafi ina sahihi yako. Ukishasaini kwamba chumba hakina neno, kitakuwa kimebaki kitu kimoja tu, gundi. Ambakisye, samahani. Ikiwa gundi, jina lako litaandikwa kwenye taarifa, na hutaingia tena chumba cha kuunganishia. Unajua."

"Najua, Daktari," alisema Ambakisye.

*

Mbarouk alikwenda kumtafuta Ambakisye karakanani. Alimkuta amepanga vibati thelathini na moja vya sampuli za gundi mezani, kimoja kwa kila kundi, anavisoma lebo kwa zamu kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Kaka Amba, pumzika kidogo."

"La kumi na nne ni sawa na mengine," Ambakisye alisema bila kuinua kichwa. "Nimelipima mara nne. Lakini darubini haiwezi kukosea, imejengwa vizuri mno. Kwa hiyo nimekosea mimi, ila sijui wapi." Akacheka kidogo. "Unajua mke wangu aliwaambia nini jirani zake kule Isyonje? Kwamba mume wangu amegundisha jicho la dunia. Amegundisha! Hakuna hata neno kama hilo."

"Lipo sasa."

"Basi nitamwambia jicho limebanduka."

Mbarouk alitaka kusema pale pale. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini aliona uso wake mwenyewe kwenye kamera tatu, aliona kidole chake kilichoinuliwa, akaona vilevile wale wakaguzi wa washirika ambao miaka sita iliyopita waliandika, kwa lugha ya adabu sana, kwamba kazi ya namna hii ingefaa ifanyike kwingineko, kwa watu waliozoea usafi. Kituo kizima kilikuwa kimewajibu kwa vitendo miaka sita. Sasa aje mtu aseme Bwana Usafi alijifukiza?

Akaaga, akarudi kwa Nyamizi.

"Tuseme," alianza, "tuseme tu, kile kishimo kinaweza kutolewa kwenye hesabu?"

"Kinaweza. Ninalijua umbo lake. Nitamwambia mtambo, kila ukikiona, kifute. Nusu saa ya kazi, mstari unanyooka, tunarusha Jumamosi kama ilivyopangwa."

"Na hakuna atakayejua?"

"Hakuna." Nyamizi akazungusha kiti. "Halafu siku moja darubini itaiona dunia yenye majani na vyura na watu wanaogombania foleni. Kishimo kitatokea palepale, cha kweli. Na mtambo utakifuta. Tutakuwa tumeutazama uhai usoni, tukasema, samahani, huo ni uchafu wetu wa Kitulo." Akamkazia macho. "Kwa nini unaniuliza mimi? Umekuwa na uso wa mtu aliyekalia yai."

"Baridi."

"Baridi haimkai mtu usoni, Mpemba."

Hapo ilikuwa karibu saa nne. Kuanzia saa nne hadi saa tano Mbarouk alitoka nje, akapunga upepo, akatazama maua ya uwandani na kuwaza mambo ya maana. Hakuna zaidi ya kusimulia kuhusu saa hiyo, twende mbele.

*

Kesho yake saa sita kasoro dakika tano, ukumbi wa mikutano ulijaa. Walikuwapo wakunjaji wa shela, mafundi wa baridi, watu wa vioo. Ambakisye alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, amevaa koti lake la nje, kama mtu asiyetaka kuwasumbua wenzake atakapoondoka. Hati ya usafi ilikuwa mezani na kalamu juu yake.

"Bwana Usafi," alisema Dkt. Sekela.

Mbarouk akasimama. Akaitazama kalamu. Kalamu haikuwa na la kumwambia. Akageuka kuwatazama wenzake, akaanza na maneno aliyoyapanga usiku kucha, akayasahau yote.

"Ni udi," alisema.

"Ni nini?"

"Udi, Daktari. Wa kufukiza. Nguo zangu za ndani, asubuhi ya kufunga. Gundi ya Kaka Amba haina kosa, hata kundi la kumi na nne. Ni mimi."

Kiti cha mtu kililia sakafuni. Mbarouk alihisi masikio yanawaka. Ungemuweka Bibi Harusi mbele yake wakati huo angedhani ni nyota. Kama angekaa chini hapo, habari hii ingekuwa fupi, nasi tungemheshimu moja kwa moja. Ila hakukaa. Alimuona Nyamizi ameziba mdomo, alimuona kijana mmoja wa shela anaanza kucheka, na kile kitu kilichokuwa ndani yake tangu kuzaliwa kikainua kichwa.

"Lakini msidhani nilipitiwa," akasema. "Mimi ndiye niliyeitafsiri ile orodha. Nitasahauje? Nilifanya makusudi."

"Makusudi," Dkt. Sekela akarudia.

"Jaribio. Tumeipima pua ya huyu kwa taa, kwa gesi za chupani, kwa vitu tunavyovijua na tunavyovitarajia. Nani aliyempima kwa kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya mtu yeyote? Mie nikasema, nitamfichia kitu kidogo cha nyumbani, nisimwambie mtu. Mngejua, mngekitafuta. Yeye kakiona peke yake! Molekuli tatu, katikati ya kunjo mia moja na saba. Nyamizi, sema, kuna darubini nyingine iliyowahi kufanya hivyo?"

Nyamizi alijaribu kubaki na hasira, ikamshinda. "Hakuna," alisema. "Iliyokaribia zaidi ilihitaji molekuli mia mbili." Akasimama bila kujua kwamba amesimama. "Na sasa ninalijua umbo la udi. Nikiutazama tena mstari, kuna mikunjo midogo pembeni, utomvu hauna hiyo. Kwa hiyo si kwamba anaona mafuta tu. Anajua mafuta ya nani!"

Kitu kikapita ukumbini. Watu wale walikuwa wamechubuka vidole kwa miaka sita, wamekula ugali umepoa, wamekataa mafuta ya nywele kwenye harusi za ndugu zao. Kitu walichokijenga kilikuwa kimenusa chembe ya moshi ambayo mashine zote za dunia zingeikanyaga na kuendelea. Mmoja akaanza kupiga makofi. Wakafuata wote. Fundi wa baridi aliyekuwa hacheki hata siku ya mshahara alimkumbatia Ambakisye, na Ambakisye, koti likiwa bado mwilini, aliendelea kusema, "Haikuwa gundi. Haikuwa gundi, jamani."

Dkt. Sekela aliwaacha wamalize. Mikono yake haikuwa tena nyuma.

"Roketi ya Jumamosi imetupita," alisema. "Tutapandisha joto Jokofu polepole, udi uvukizwe, tuunase kwenye bamba la baridi pembeni. Shela litakunjuliwa, lisafishwe, likunjwe upya, kunjo zote mia moja na saba. Nafasi nyingine ya kurusha ni baada ya miezi kumi na sita. Nitawaandikia washirika leo, na nitaandika kila kitu, kuanzia chetezo. Waandike wanavyotaka. Hawana darubini inayoweza kuwakamata walioijenga." Makofi tena. "Nayo Kilimia itaruka ikisema kweli. Ningeona haya kuirusha kwa namna nyingine yoyote."

Kisha akamgeukia Mbarouk. "Jaribio bila kibali ni kosa. Ila sitakuficha, ni jaribio zuri. Nafikiria niliandike kwa jina lako."

"Si lazima, Daktari," alisema Mbarouk, akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu aliojifunza sekunde ile ile. "Jaribio la Mbarouk linatosha. Au Kipimo cha Konde. Mtakavyoona nyie."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mama mnene wa makamo, amejitanda blanketi la mistari, amekumbatia mfuko mkubwa wa plastiki uliofungwa kwa lakiri nyekundu.

"Hodi. Daktari, mliniagiza nilete suti za siku ya kufunga."

"Karibu, Mama Enala," alisema Dkt. Sekela, kisha akawaambia waliokuwa wageni kidogo pale, "Mama Enala Luvanda wa chumba cha kufulia. Suti za siku hiyo hazifuliwi. Zinakaa kwake zimefungwa hadi majaribio yaishe. Tumeshapata jibu, mama, lakini weka tu hapo mezani. Bwana Mbarouk ametueleza kwamba ilikuwa jaribio lake."

"Shikamoo, mama," alisema Mbarouk haraka, kwa sauti iliyopanda juu mno.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje leo? Umekula?" Mama Enala akautua mfuko, akageuka kwa Dkt. Sekela huku amekunja uso wa huruma. "Jaribio gani hilo, Daktari, mnalowapa vijana? Jana saa nne kanijia huyu, kashika ndoo yake mwenyewe, ananibembeleza niufungue mfuko niifue suti yake moja tu, hata kwa maji ya moto tupu. Nikamwambia baba, hii ina lakiri ya Daktari, siigusi. Akakaa kwenye beseni langu la kuloweka, akalia saa nzima. Nikampa chai, hakunywa. Nikamuuliza, mwanangu, kwani umefiwa?"

Dkt. Sekela akairudisha mikono yake nyuma.

"Akaniambia, 'Bado, mama. Nafiwa kesho saa sita.'"